Bimkubwa Hapumui

Mume wangu aliniambia ukweli kabla hajanioa, hilo siwezi kumnyima. Alisema ana mwingine. Nilipomuuliza yuko wapi, alinipeleka nyuma ya gereji moja akanionyesha lori la petroli la silinda sita, rangi ya kijani iliyofifia, taa moja ina ufa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Leo ni miaka thelathini na nne, lori lile limesimama uani kwangu, palepale ambapo ningejenga chumba cha kushonea, na mimi sicheki tena kama zamani. Majirani wanaliita Bimkubwa kwa sababu lilinitangulia. Likigoma kuwaka asubuhi wananiuliza juu ya ukuta, mke mwenzio kaamka vibaya?

Mume wangu ni dereva, na nyumbani namwita hivyo hivyo, Dereva. Yeye ananiita Fundi, kwa kuwa nashona. Watoto wetu walipokuwa wadogo walidhani ndiyo majina tuliyopewa na wazazi wetu. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye miwani ambayo haivai kwa sababu, anasema, mambo mengi yanapendeza zaidi yakiwa na ukungu kidogo. Hana maneno. Akikasirika anafagia uani, akifurahi anafagia uani, na ni lazima umtazame anavyoshika ufagio ndipo ujue ni lipi kati ya hayo mawili.

Maneno ninayo mimi, ya kutosha watu wawili na akiba ya wageni. Neno langu kubwa ni kwamba mkasi wangu haukosei. Mteja akija kulalamika kwamba gauni linambana, namshauri apunguze sukari, kwa sababu mkasi wangu haukosei. Nimelisema kwa wateja, kwa majirani, kwa mafundi wenzangu na kwa Dereva, ambaye hajawahi kulipinga hata siku moja.

Mwaka huu walianza kujenga zahanati juu ya kilima kilicho mwisho wa mtaa wetu, na msimamizi wa ujenzi akatangaza kwamba anataka malori ya kupandisha matofali. Sharti lilikuwa moja. Lori lipakie mzigo kamili lipande mpaka juu bila kusimama, maana njia ni nyembamba, na lori moja likifia njiani yanasimama yote. Dereva alikwenda kujaribu peke yake. Bimkubwa akafika kona ya pili, akahema, akasimama.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu kwa utulivu, na mimi nikiwa mtulivu watu hukaa chonjo, kwamba la kuvunda halina ubani. Nilikuwa na vyerehani viwili sebuleni, pasi jikoni, na vitambaa vya watu chini ya kitanda. Tukakubaliana. Angepewa nafasi moja ya kulitengeneza. Bimkubwa akipanda kilima, atabaki uani na mimi nitafunga mdomo. Asipopanda, atauzwa chuma chakavu na pale aliposimama patajengwa chumba changu. Dereva alikubali bila ubishi, akamaliza chai yake, kisha akasema kama mtu anayetoa siri ya ukoo:

"Bimkubwa si mzee, Fundi. Hapumui tu."

Asubuhi nikamkuta ameshalifungua. Ubavuni mwa injini kuna chuma kirefu, kizito, kabureta, kile kichanganyio cha hewa na petroli, imekaa juu yake. Kazi ya chuma hicho ni kupokea hewa iliyochanganyika na petroli na kuigawia silinda. Mafundi wanakiita manifoldi. Ya Bimkubwa ina matundu matatu, kila moja linalisha silinda mbili. Dereva alinionyesha kwa kidole kwamba waliolitengeneza hawakuwa makini: matundu ya manifoldi ni madogo kuliko matundu ya injini yanayopokea, kwa hiyo hewa ikifika pale inajikwaa mlangoni. Yeye alitaka kuyapanua yalingane, ayalainishe ndani, kisha aweke kabureta kubwa zaidi aliyoitoa kwenye lori lililokufa. Nikamuuliza kazi hiyo itafanyika wapi. Akaitazama meza yangu ya chakula.

Wiki mbili tulikula tumepakata sahani. Alipiga tupa ya mviringo asubuhi hadi mchana, akitoka hapo anasugua kwa msasa aliouzungushia mpini wa mwiko wangu, na vumbi la chuma likaingia kila mahali, hata kwenye kopo la sukari. Nikawaambia majirani kwamba nyumbani kwetu sasa tunakunywa chai yenye madini, asiye na damu ya kutosha apite. Kipimo chake kilikuwa rili yangu kubwa ya uzi mweusi. Aliipitisha kwenye tundu, ikikwaruza anarudi kwenye tupa. Rili ilipopita matundu yote matatu bila kugusa, aliniita nije nione. Akaipitisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku anatabasamu peke yake. Nilimwambia hongera, na kwamba uzi ule ulikuwa wa sare za shule na sasa unafaa kushonea magunia.

Ikabaki gasketi. Gasketi ni karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma ili hewa isivuje, na ya lori la umri ule haipo dukani. Inabidi ununue karatasi nzima ukate mwenyewe. Dereva aliipaka manifoldi mafuta, akaikandamiza juu ya karatasi, akapata alama zote. Matundu madogo ya bolti akayatoboa kwa msumari na nyundo. Matundu matatu makubwa yakamshinda.

"Nikatie wewe," akasema. "Mkono wangu unacheza kwenye duara, na wako haukosei."

Nina mikasi miwili. Mmoja ni wa vitambaa, nao haujawahi kugusa karatasi tangu nilipoununua, kwa sababu karatasi huua makali. Watoto wangu walijua kwamba anayekata karatasi kwa mkasi ule atahama nyumba. Mwingine ni mzee, wa karatasi na kamba. Nikachukua huo mzee. Mteja mmoja alikuwa amekaa mbele yangu ananieleza jinsi dadake alivyobadilisha gauni la harusi mara nne, na mimi nikakata huku nasikiliza, nakubali kwa kichwa, naguna pale panapohitaji kuguna. Nilipomaliza, vile viduara vitatu vilivyotoka katikati nikaviweka chini ya miguu ya cherehani kisiteleze. Fundi hatupi kipande.

Siku ya kufunga, Dereva aliikumbatia manifoldi kifuani, kabureta ikimgusa kidevu, mikono yote miwili imejaa. Ikabidi mimi niinamie injini niivishe gasketi kwenye bolti zake. Ilizidi kidogo pembeni, nikamwambia. Akasema si neno, iliyozidi si sawa na iliyopungua. Akaisukuma manifoldi mahali pake, akakaza nati, akawasha. Bimkubwa aliwaka vizuri tu, akanguruma pale uani mpaka jirani akachungulia.

Jumamosi tukaenda wote kilimani. Msimamizi, kijana mwenye filimbi shingoni na ubao wa karatasi mkononi, akapuliza. Tukaanza kupanda na matofali nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kumpongeza au kumcheka, kwa kweli maneno ya pande zote mbili nilikuwa nayo tayari. Bimkubwa alitoa moshi mweusi, akatetemeka, akapunguza mwendo wakati Dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Hatukufika kona ya pili. Hatukufika hata ya kwanza. Tulisimama pale penye tangi la maji, na nyuma yetu malori manne yakasimama pia.

Dereva alisubiri wenzake warudi nyuma, kisha akaliteremsha lori kinyumenyume, kwa vioo, njia nyembamba kote, bila kugusa ukuta wa mtu. Madereva wengine walishuka kutazama na hakuna aliyemtania. Kijana wa filimbi alimwambia kwa heshima kwamba orodha inafungwa Jumanne adhuhuri, lakini, mzee wangu, ni bora apumzike. Dereva akamshukuru.

Alasiri ile alishinda chini ya boneti. Nilipompelekea chai nilimkuta ameegemea madigadi kwa mikono miwili, spana zimetapakaa, akaniambia niiweke pale. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama akafunga boneti taratibu, akanawa, akachukua ufagio. Alifagia muda mrefu. Nilimtazama dirishani nikashindwa kuusoma ule ufagio. Kisha akaingia ndani, akakaa, akaniuliza dirisha la chumba changu nalitaka upande upi.

Nikajibu mashariki, nipate mwanga wa asubuhi. Nilijibu haraka mno, na ninaona haya kuliandika hilo.

Jumapili akampigia simu mnunuzi wa chuma chakavu, wakapatana Jumatatu saa nne. Baadaye akapanda ndani ya lori kutoa vitu vyake: tochi, kitambaa cha kufutia kioo, na mto wa kukalia niliomshonea mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Ule mto akauweka sebuleni juu ya kiti chake cha kila siku. Hakuukalia. Aliuweka tu, akaenda kulala mchana, jambo asilolifanya kamwe.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakata shingo ya gauni. Shingo ya gauni, kwa asiyejua, haikatwi kwenye mstari. Unachora tundu unalolitaka, kisha unakata ndani ya mstari, tundu linatoka dogo, ili ile nafasi ya mshono ukiikunja shingo ije sawasawa. Mimi siifikirii tena. Mkono wenyewe unajua, hata kama mtu ananisimulia habari za dadake. Nikakata robo ya duara, mkasi ukasimama.

Nikapiga magoti chini ya cherehani, nikakitoa kiduara kimoja. Nikaichukua ile rili ya uzi mweusi nikaisimamisha juu yake. Rili ilikizidi kiduara pande zote, upana wa kidole. Kile kilichokuwa kinapita kwenye chuma bila kugusa, kisingepita kwenye karatasi yangu hata kwa kusukumwa. Wiki mbili mume wangu amepanua mlango kwa tupa, halafu mimi nikaja nikamwekea pazia. Nilikuwa nimemshonea Bimkubwa gauni la shingo ya kukaba.

Sasa nitasema ukweli, kwa kuwa ndio niliokusudia kuusema tangu mwanzo. Sikukimbia kwenda kumwambia. Nilirudi nikakaa. Ilikuwa saa tatu kasoro, mnunuzi anakuja saa nne, na chumba changu kilikuwa kimeshajengwa kichwani mwangu. Pasi ilikuwa na kona yake, vitambaa vilikuwa na rafu, mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia. Hakuna aliyejua. Lori likishakatwa vipande nani ataitafuta gasketi? Nilijiambia kwamba lori ni zee, kwamba hata kwa gasketi nzuri huenda lisingepanda, kwamba miaka thelathini na nne ya ukewenza inatosha. Nikageuka kutafuta kalamu niendelee na gauni, nikauona ule mto umekaa peke yake juu ya kiti.

Mkasi mzee sikuuona. Baadaye nilikuja kujua kwamba Dereva aliuchanganya na spana zake kwenye sanduku. Kipande cha pili cha karatasi ya gasketi kilikuwepo, Dereva alikuwa amekipiga alama ya manifoldi na kukitoboa matundu ya bolti kiwe akiba, na maduara makubwa ningeweza kuyachora kwa kufuata rili. Saa ilikuwa inakwenda. Nikachukua mkasi wa vitambaa, nikapiga moyo konde, nikautia kwenye karatasi. Ulilia. Nilikata nje ya mstari, nikazunguka polepole, mara tatu, na kila nilipofunga mkasi nilihisi makali yake yakifa mkononi.

Nilipotoka uani mnunuzi alikuwa ameshafika, amefunga mnyororo kwenye bampa, anapiga teke magurudumu kwa dharau ya kibiashara. Dereva alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Lifungue," nikamwambia.

"Fundi, mgeni amekuja."

"Namwona. Atakunywa chai." Nikamnyooshea gasketi mpya. "Ile ya kwanza niliikata kama shingo ya gauni. Niliacha nafasi ya mshono."

Alinitazama mimi, akaitazama karatasi, akautazama mkasi niliokuwa bado nimeushika, ule mzuri, una vumbi la karatasi kwenye makali. Aliutazama mkasi kwa muda mrefu kuliko vyote. Kisha akaenda kuchukua spana.

Yule mnunuzi alikuja kuchukua lori, akajikuta ameshika tochi. Kufikia saa sita alikuwa amekunywa vikombe vitatu, ameikumbatia manifoldi yeye, ili Dereva mwenyewe aivae ile miwani na kuiweka gasketi kwa mkono wake. Alipoondoka na mnyororo wake mtupu aliomba tumpigie simu atujulishe kama limepanda. Nilimsahihisha kwamba sisi ndio tutakaomjulisha. Akasema yote sawa, mradi apigiwe.

Jumanne nilikwenda na ule mto kwapani, nikauweka mahali pake, nikapanda upande wangu. Kijana wa filimbi alipotuona alivuta pumzi, akapuliza bila imani. Dereva akaweka gia ya pili. Tangi la maji likapita dirishani kwangu. Kona ya kwanza ikapita. Injini ilikuwa na sauti nyingine kabisa, nene, ya kifuani, na mimi nilijikuta nimeshika dashibodi kwa mikono miwili nikimwambia mke mwenzangu maneno ambayo sijawahi kumwambia, twende mama, twende, usiniaibishe. Kona ya pili Dereva alikanyaga mafuta na kiti kikanisukuma mgongoni. Tukafika juu na bado mguu wake haukuwa mwisho.

Wapakuaji wakaanza kushusha matofali. Tulikaa ndani, injini imezimwa, inatoa mlio wa chuma kinachopoa. Nilitegemea atafurahi. Alikuwa anafuta usukani kwa kiganja.

"Niliiona Jumamosi," akasema.

"Uliona nini?"

"Gasketi. Nilifungua nikaiona, nikaifunga tena."

Nilimgeukia mwili mzima. Nikamuuliza, kama aliiona, kwa nini alinyamaza, kwa nini aliita mtu wa mnyororo, kwa nini aliniuliza habari za dirisha.

"Nilidhani umeamua," akasema. "Wewe mkasi wako haukosei."

Mimi, mwenye maneno ya watu wawili, sikupata hata moja. Mume wangu alikuwa ameamini kwamba nimemkaba lori lake kwa makusudi, kikulacho ki nguoni mwako, na hakugomba wala hakuuliza. Alikwenda akafagia uani, akaja akaniuliza mwanga nautaka utoke wapi. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika mkono, na kwa kuwa sikujua nianze na lipi, nilikaa tu na machozi yakanitoka mbele ya vijana wa matofali.

"Kuuliza si ujinga, Dereva," nikasema hatimaye.

"Ningeuliza, ungeniambiaje?"

Tulijua wote wawili ningemwambiaje.

"Mkasi ulikosea," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Yeye akakubali kwa kichwa, akasema kwamba akimsogeza Bimkubwa karibu na lango na kuvunja lile banda la kuku lisilo na kuku, upande wa mashariki chumba kinaingia, kidogo, lakini kinaingia. Chini kijana alikuwa ameshatuandika, anapuliza filimbi turudi kuchukua mzigo mwingine.

Dereva akanyanyuka kidogo ili nimwekee sawa mto wake, maana ulikuwa umeteleza. Nikauvuta, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikautazama kwa macho ya fundi. Mshono wa upande mmoja umepinda tangu mwanzo hadi mwisho, na fundo la uzi limeachwa juu, palepale anapokalia. Nilimuuliza kama huwa linamchoma. Akasema amelizoea.